Muda Ulioibwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, tarehe moja, mama mmoja alisimama kwenye geti la kina rafiki yangu kule Lanet, gambuti miguuni, daftari la maziwa kwapani. Hakuja na fujo. Alitaka tu kuelezwa kwa nini jirani yake amepata ujumbe wa hesabu ya mwezi na yeye hajapata. Kabla hajamaliza kuuliza, akafika mwingine. Kufikia saa moja walikuwa watano, na mmoja wao, mzee aliyemjua rafiki yangu tangu akibebwa mgongoni, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Kama pesa imeguswa, sema tu mapema, msichana wangu."

Pesa haikuwa imeguswa. Rafiki yangu huwawekea hesabu wafugaji 38 wanaouza maziwa pamoja. Kila usiku wa mwisho wa mwezi, programu aliyoiandika mwenyewe hujumlisha lita, hutoa deni la chakula cha ng'ombe, kisha humtumia kila mmoja SMS ya kiasi atakacholipwa. Usiku huo ilikwama katikati. Watu 17 walipata ujumbe, 21 hawakupata. Na wewe unajua, ukikosa ujumbe na jirani amepata, huwazi mambo ya kompyuta. Unawaza umeliwa.

Akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Kuna mtu alikuwa anatumia seva jana usiku?"

Mimi ndiye niliyejibu wa kwanza. "Ni hao wenye wingu. Fungua top uangalie st."

Nitarudi kwa jibu hilo. Kwanza wacha nieleze hizo herufi mbili, kwa sababu tangu siku hiyo hazijaniacha.

Sisi tuko wanne, na nitawaita wenzangu kwa mitaa yao. Kuna Lanet, ambaye nimeshamtaja. Kuna Rhonda, anayeendesha tovuti ya matokeo ya mpira. Kuna London, na ni London yetu ya hapa Nakuru, si ile ya Mfalme Charles. Huyo anajifundisha mambo ya akili bandia kwa maandishi ya Kikalenjin anayoyaokota popote. Mimi niko Kiti. Naandika: makala, maelezo ya bidhaa, tovuti za wateja watatu, na nikikosa hayo nageuza mahojiano ya sauti kuwa maandishi. Kila mwezi tunachanga shilingi 700 kila mtu kwa M-Pesa na kukodi seva moja ya wingu yenye prosesa mbili na RAM ya gigabaiti 4. Peke yake, hakuna kati yetu angeimudu. Mashine yenyewe iko Ujerumani. Hatujawahi kuiona na hatutawahi.

Wingu, kwa yule ambaye hajawahi kukodi, si kitu cha angani. Ni kompyuta kubwa ya mtu mwingine, imefungiwa kwenye jumba lenye feni na walinzi, ikagawanywa vyumba kama ploti. Wewe unapewa ufunguo wa chumba chako. Unaona kuta nne, unaona prosesa "zako" mbili, na unaanza kuamini uko peke yako. Lakini nyuma ya ukuta kuna wapangaji wengine, na mwenye ploti amekodisha vyumba vingi kuliko uwezo wa jengo, kwa kuwa anajua si wote watawasha kila kitu saa ile ile. Huo si utapeli. Benki hufanya hivyo na pesa zako kila siku, na ndiyo sababu sisi wanne tunalipa 2,800 badala ya 15,000.

Ile ploti yangu ya matofali inafanya kazi namna hiyo pia. Tuko vyumba vinane, mita moja ya stima. Keateka anakusanya mia mbili mbili, ananunua tokeni. Mwaka jana tokeni ya kuisha kwa siku nane ikaanza kuisha kwa siku tano, na vita vikaanza. Kila mtu alimshuku yule kijana wa chumba cha mwisho mwenye spika kubwa. Alinyanyaswa vizuri sana, hadi akawa anasikiliza muziki kwa simu. Tokeni ikaendelea kuisha siku ya tano. Aliyekuwa akituumiza ni baba mmoja mpole, mtu wa kanisa, aliyechemsha maji ya kuoga ya familia nzima kwa koili kila alfajiri. Koili haina kelele. Spika ya kijana wa watu inatumia stima kidogo sana ukiilinganisha na koili, lakini spika inasikika.

Sasa, st. Kwenye Linux kuna programu iitwayo top. Ukiifungua inakuonyesha kila kinachoendelea ndani ya mashine. Mstari wa tatu kutoka juu unakuambia prosesa imetumiaje muda wake, na mwisho kabisa wa mstari huo kuna herufi s na t. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya muda ulioibwa. Sikutunga mimi, waliotengeneza Linux ndio waliochagua neno hilo. Ni asilimia ya muda ambao seva yako ilikuwa tayari kufanya kazi, ina kazi, lakini mwenye jumba akampa mpangaji mwingine prosesa. Fikiria hilo kidogo. Mwenye ploti anakuuzia chumba, kisha ukutani anaweka kibao kinachosema: leo jirani zako wamekula asilimia nne ya ulicholipia. Sijui ofisi yoyote nyingine inayofanya hivyo. Hakuna hospitali inayokuandikia kwenye kadi ni dakika ngapi za foleni yako zilipewa mtu aliyepitia mlango wa nyuma.

Nilisoma sayansi ya kompyuta hadi mwaka wa tatu. Karo ikaniangusha, na sitaki kuifanya hadithi ndefu. Somo la mwisho nililolimaliza lilikuwa la mifumo endeshi, na karibu nusu yake, ukilitazama vizuri, lilikuwa somo la maadili lililovaa suruali ya hisabati. Mwaka wa 1961 pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ulioruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akipewa vipande vidogo vya muda kwa zamu. Kabla ya hapo ulikuwa unapeleka kadi zako, unasubiri, unarudi kesho. Walipoanza tu kugawana, maswali yakaja yale yale ya sufuria moja na watoto wengi. Nani aanze? Mwenye kazi fupi apite mbele ya mwenye kazi ndefu? Na yule anayepitwa kila mara?

Huyo wa mwisho, wanasayansi wa kompyuta wana neno lao: wanasema amekufa njaa. Kuna hadithi wanayosimuliana, na iko kwenye vitabu vya kiada kama uvumi, kwamba mashine ya IBM 7094 ya MIT ilipozimwa mwaka wa 1973 walikuta ndani yake kazi iliyowasilishwa mwaka wa 1967 na bado haijaendeshwa. Miaka sita kwenye foleni. Iwe ni kweli au la, dawa waliyoibuni naipenda sana: kila unapongoja, mfumo unakuongezea umri, na kadiri unavyozeeka kwenye foleni ndivyo unavyopanda cheo, hadi hata kazi ya kijana mwenye haraka ikupishe. Manze, mtu aliyelelewa na nyanya yake Molo hahitaji kwenda MIT kulielewa hilo.

Lakini usawa ni nini hasa? Hapo ndipo nilipofikiri kwa muda mrefu kwamba jibu ni la kihesabu. Mwaka wa 2011 Ali Ghodsi na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha njia ya kugawa rasilimali za aina nyingi kwa watu wenye mahitaji tofauti. Nitaieleza kwa ploti. Chukua kinyozi na dobi, jengo moja. Kinyozi anahitaji stima sana na maji kidogo. Dobi anahitaji maji sana na stima ya taa tu. Ukigawa kila kitu nusu kwa nusu, unamwachia kinyozi mapipa ya maji yasiyo na kazi, na dobi anabaki na tokeni asiyoihitaji, na wote wawili wanafunga kazi mapema. Wao wanasema: mwangalie kila mtu kwa kile anachokitegemea zaidi, usawazishe hapo. Kinyozi akipata theluthi mbili ya stima, dobi apate theluthi mbili ya maji. Hakuna atakayetamani fungu la mwenzake, na, hili ndilo lililonivutia, hakuna atakayefaidika kwa kudanganya kuhusu mahitaji yake.

Kwa sababu watu hudanganya, bana. Kwenye karatasi hiyo hiyo wanataja kampuni kubwa ya utafutaji iliyokuwa ikiwapa mashine za peke yao wale tu walioweza kuhakikisha kwamba zitatumika sana. Haikupita muda, watu wakaanza kupachika kwenye programu zao vitanzi visivyo na mwisho, mashine inazunguka bure, inachoma umeme, ili ionekane ina shughuli. Kama umewahi kuona ofisi ikinunua viti mwezi wa Juni ili bajeti isirudi, unaelewa.

Basi nilipopewa kazi ya kuisimamia seva yetu, kwa kuwa ni mimi niliyefika mwaka wa tatu, nilikuwa na haya yote kichwani. Nilijua njia za haki. Ningeweza kuzichora ubaoni.

Kwenye Linux kuna amri iitwayo nice. Ndiyo, neno la Kiingereza la mtu mwema, mpole. Kila programu ina nambari ya upole kati ya -20 na 19, na kwa kawaida inaanza kwa 0. Nambari ikipanda, programu ni mpole zaidi, inawapisha wengine. Ikishuka chini ya sifuri, inasukuma. Mtu yeyote anaweza kuiongezea programu yake upole. Kuipunguzia, kuishusha chini ya sifuri, anaweza tu mwenye akaunti ya root, yaani mwenye ufunguo wa ploti nzima. Wenzangu walikuwa na akaunti za kawaida. Mimi nilikuwa na root.

Programu yangu ya kugeuza sauti kuwa maandishi niliipa -10.

Usidhani -10 ni kumi tu. Kwenye mizani ya Linux, programu ya 0 ina uzito wa 1024. Ya -10 ina uzito wa 9548. Zikigombania prosesa moja, yangu inapata zaidi ya mara tisa ya yako. Na nilikuwa nikiendesha mbili kwa pamoja, moja kwa kila prosesa, usiku, wakati ambapo niliamini wenzangu wamelala. Mteja alikuwa analipa kwa dakika za sauti. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe tano. Nilijiambia ni ya usiku mmoja. Halafu nikaiandika kwenye faili la kuanzisha mashine, ili nisihangaike kuirudia, na ikakaa hapo miezi minne. Siwezi kusema nilisahau. Mtu hasahau kitu alichokiandikia faili.

Nilikuwa na sababu, tena nzuri. Kazi yangu inalipa kodi, ya London ni majaribio. Tovuti ya Rhonda haina watu saa tisa usiku. Na Lanet, hesabu yake ni mara moja kwa mwezi tu, si itaisha asubuhi? Ukiniuliza kwa nadharia, ningekuambia kugawa kwa mahitaji ni haki, na mimi nilikuwa na mahitaji. Kitu ambacho sikukifanya ni kuzisema sababu hizo kwa sauti, mbele ya watu watatu waliolipa 700 kama mimi, wakapata nafasi ya kuniambia "hapana".

Usiku ule wa mwisho wa mwezi programu ya Lanet ilisubiri prosesa hadi muda wake ukaisha, ikakatika ikiwa kwa mtu wa 17. Na alipouliza kwenye grupu, nikamwambia aangalie st.

Nilikuwa nimeiangalia kabla ya kujibu. Ilikuwa 1.8. Yule jirani asiyejulikana wa Ujerumani alikuwa amechukua chini ya asilimia mbili. Lakini nilijua Lanet akifungua top ataona nambari, ataona si sifuri, na neno wizi litafanya kazi iliyobaki. Kile kibao cha uaminifu ukutani, kitu nilichokisifu hapo juu, nilikitumia kama pazia. Tulimtafuta mwenye spika, na mimi ndiye niliyekuwa na koili.

Kuna mambo mawili hapa, na naona ni rahisi kuyachanganya. La kwanza ni kwamba nilichukua zaidi. La pili ni kwamba nilikuwa mgawaji na mla kwa wakati mmoja. La kwanza linarekebishika kwa hesabu. La pili haligusiki na hesabu yoyote, hata ya Berkeley, kwa sababu hesabu inaendeshwa na mtu mwenye root. Mwanafalsafa John Rawls, kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1971, anatoa mfano wa keki: anayekata achukue kipande cha mwisho. Nyumbani kwetu ilikuwa chapati, na sheria ilikuwa hiyo hiyo, na mama hakuwa amemsoma Rawls. Ila sheria hiyo inafanya kazi kwa sababu moja ambayo Rawls haikumpasa kuitaja: chapati iko mezani. Wote mnaiona ikikatwa. Nikikata chumba kingine na kuwaletea vipande vyenu kwenye sahani, nikichukua cha mwisho nimewapa nini?

Nimekuwa nikifikiria kuhusu mifereji ya Wamarakwet. Ukitoka hapa Nakuru ukapita Eldama Ravine, ukateremka hadi Bonde la Kerio, utaona chini ya ukuta wa Cherang'any mashamba mabichi mahali ambapo jua lingetakiwa kuua kila kitu. Maji yanaletwa kwa mifereji kutoka mito ya juu, imechimbwa kwa mikono, mingine ina mamia ya miaka. Koo hugawana kwa zamu, kila ukoo na saa zake, kila familia ndani ya ukoo na saa zake. Wizi upo, haswa usiku. Lakini maji yakipungua kwako una la kufanya: unaufuata mfereji kwa miguu kuelekea juu, na ukifika mahali tope ni bichi na maji yanaingia shamba la mtu nje ya zamu yake, umefika kwenye jibu lako. Hakuna anayeweza kukuambia "ni wenye wingu".

Sitaki kuipamba. Kwa mila, haki ya maji yale ni ya wanaume, na wanawake, ambao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi shambani, hawakutakiwa hata kuukaribia mfereji wenyewe unapotengenezwa. Wao walipata maji kwa kuomba, kwa kuazima, wakati mwingine kwa kuiba. Kwa hiyo mfereji ulikuwa wazi, lakini si kwa kila mwenye macho. Na hapo siwezi kujitofautisha na wazee wale. Ile -10 yangu haikuwa imefichwa. Kwenye top kuna safu iitwayo NI inayoonyesha nambari ya upole ya kila programu, na mtu yeyote kwenye seva angeweza kuisoma, usiku wowote, kwa miezi minne. Nilijua tu kwamba kati ya sisi wanne ni mimi ninayejua maana yake.

Mambo haya si ya seva ya shilingi 2,800 peke yake. Tarehe 22 Mei 2024, Rais Ruto akiwa ziarani Marekani, kampuni za Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa dola bilioni moja, na sehemu yake kubwa ni kujenga kituo cha data Olkaria, kule Naivasha, kaunti yetu hii hii ya Nakuru, kiendeshwe kwa stima ya mvuke wa ardhini. Nilishangilia, sitaki kujifanya. Siku kumi kabla ya tangazo hilo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika na intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Wingu lililo saa moja na nusu kwa matatu kutoka kwangu, badala ya Ujerumani? Ningelikodi kesho.

Hadi ninapoandika, hakuna faili langu hata moja lililolala Olkaria. Ila hesabu zilitolewa: kituo kianze na megawati 100, na baadaye kiweze kufika gigawati moja, yaani megawati 1,000. Mwanzoni mwa 2025, saa ile ya jioni Kenya nzima inapowasha kila kitu, mahitaji yetu sote yalikuwa megawati 2,300 na kidogo. Nchi nzima. Viwanda, hospitali, spika, koili.

Sisemi kisijengwe. Usiku wa manane mahitaji ya nchi hushuka hadi karibu nusu, na mvuke wa Olkaria ambao hauna mnunuzi huachiliwa hewani. Mashine za data hazilali. Zinaweza kununua mvuke huo ambao mimi na wewe tumeulalia. Huo unaweza kuwa mgao mzuri kuliko wote, wa kinyozi na dobi kabisa. Swali langu ni la saa mbili usiku. Nani ana root saa mbili usiku, na je, naye anakula kwenye sufuria hiyo? Stima ikipotea hapa Kiti mita inanyamaza tu. Haina herufi mbili mwishoni za kuniambia kwamba fungu langu limekwenda kwa fulani, kwa dakika kadhaa, au kwamba hakuna aliyelichukua, ni nguzo tu imeanguka Free Area. Na kwa kuwa haina, nitamshuku nani? Yule mwenye kelele.

Olkaria yenyewe ina watu wanaolijua swali hili kabla ya wingu lolote. Mwaka wa 2014 takribani familia 150 za Wamaasai zilihamishwa kupisha kituo cha Olkaria IV, cha megawati 140. Malalamiko yao, ya hati za ardhi, ya barabara, ya hali ya mahali walipopelekwa, yalifika hadi kwa wakaguzi wa Benki ya Dunia na wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi kufanywe upatanishi. Ona walivyolazimika kuufuata mfereji: kutoka Naivasha hadi Washington na Luxembourg, ili tu wapate mtu wa kuwasomea kilichoandikwa kwenye safu.

Amazon, ambao si watakatifu, tangu 2014 wanauza mashine ndogo zinazofanya kazi kama akaunti ya akiba. Ile ya t2.micro inapewa pointi 6 kila saa, na pointi moja ni dakika moja ya prosesa nzima. Usipozitumia zinajikusanya hadi 144. Zikiisha unashushwa hadi asilimia 10. Ni kidogo, karibu kukera. Lakini sheria unaijua kabla ya kulipa, na salio unaliona likipungua. Ukikwama, unajua ni wewe. Nikilinganisha hilo na seva yangu ya marafiki, penye upendo na emoji na hakuna sheria hata moja iliyoandikwa, sijui ni wapi Lanet alikuwa salama zaidi. Kwa kweli najua.

Aliigundua mwenyewe. Baada ya asubuhi ile ya gambuti alianza kusoma, polepole, video moja kwa usiku mmoja. Miezi miwili baadaye akanitumia, si kwenye grupu, kwangu tu, picha ya skrini. Alikuwa amezungushia duara jekundu safu ya NI, kwenye mstari wenye jina langu. Chini akaandika: "Hii ni nini?"

Nilikaa na ujumbe huo siku nzima. Alama mbili za bluu zilishamwonyesha nimesoma. Jioni nikampigia, nikamweleza yote, pamoja na ile 1.8. Alinyamaza kwa muda. Akasema yule mzee bado anamwangalia kila mwisho wa mwezi, hata sasa ambapo SMS zinafika zote 38. Kisha akasema, "Sawa. Nipe root."

Nikampa. Rhonda na London niliwaambia mwenyewe kwenye grupu, kwa sauti ya dakika tatu niliyoirekodi mara sita. London aliweka kidole gumba. Rhonda hadi leo hajasema kitu, lakini 700 yake hutuma.

Juzi nilikuwa na kazi ya haraka, mahojiano ya saa mbili, mteja anangoja. Ikawa inaenda taratibu sana. Nikafungua top. St ilikuwa 2.3. Nikashuka kwenye safu ya NI. Programu zote za wenzangu zilikuwa 0. Yangu ilikuwa 5.

Sijamuuliza bado. Kazi iliisha saa kumi alfajiri, nikamwambia mteja stima ilipotea.